Maswali ya Wasomaji: Taa za Angani na Namna Wanajeshi Wanavyozichunguza

Tuliomba maswali kuhusu vitu visivyotambulika angani, vile ambavyo wengi mnaviita visahani au UFO, na namna majeshi yanavyovichunguza. Barua nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, na tunaelewa sababu: ukitoka mjini kidogo tu huko giza ni giza kweli, ziwa liko wazi upande wote wa magharibi, na usiku wa kiangazi mtu huona anga zima. Barua zilizofanana tumezijibu pamoja.

Wahariri, habari za kazi. Sisi ni wavuvi wa dagaa. Jioni moja giza likianza kushika, tukiwa tunatoka na mitumbwi, tuliona taa kama ishirini zimejipanga mstari mmoja, zinakuja kimya kutoka upande wa Kongo. Zilipofika juu yetu zikazimika moja baada ya nyingine. Wenzetu wawili waligeuza wakarudi nchi kavu. Zile ni ndege za kivita? – Wavuvi, Kibirizi, Kigoma

Ndugu zetu, hizo si ndege. Mlichoeleza kinalingana kabisa na setilaiti za Starlink, zile za kusambaza intaneti, ambazo kundi lake la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019. Hurushwa nyingi kwa roketi moja, na siku chache za mwanzo huwa bado zinafuatana kwenye njia moja, kilometa 300 hivi juu ya ardhi, kabla ya kupanda na kutawanyika.

Kuzimika kwake ndiko kunakozitambulisha. Setilaiti haina taa, inaakisi jua. Kigoma jua huzama karibu saa 1 jioni, lakini huko juu bado linawaka. Setilaiti ikiingia kwenye kivuli cha Dunia hupotea hata kama anga ni jeupe, na kwa kuwa zimefuatana, kila moja hupotelea pale pale ilipopotelea iliyotangulia. Ndege ya kivita haizimiki hivyo, na ingepita karibu mngeisikia. Wenzenu waambieni watoke tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Tabora mjini. Wanafunzi wananiuliza kama ni kweli Jeshi la Marekani lilichunguza visahani. Walifanyaje kazi hiyo, na kwa nini jeshi zima lijisumbue na taa za angani? – Mwalimu, Tabora

Ni kweli, mwalimu, na lilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikienda kasi karibu na Mlima Rainier, jimbo la Washington. Magazeti yakaviita visahani, na ripoti zikaanza kumiminika. Jeshi la Anga likaanzisha mradi wa Sign mwaka 1948, ukafuatwa na Grudge mwaka 1949, kisha Blue Book mwaka 1952, uliofungwa tarehe 17 Desemba 1969. Makao yalikuwa kambi ya Wright-Patterson, jimbo la Ohio.

Wanafunzi wako waanze na swali la kwa nini, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Jeshi halikuwa linatafuta viumbe wa sayari nyingine. Lilitaka kujua kama kuna ndege ya Wasovieti imeingia kwenye anga lao bila kuonekana. Januari 1953 shirika la ujasusi la CIA lilikutanisha jopo la wanasayansi chini ya mwanafizikia Howard P. Robertson, na hofu kubwa ya jopo haikuwa visahani vyenyewe: ni kwamba simu za watu walioona taa zingeziba njia za mawasiliano siku adui anashambulia kweli.

Kazi yenyewe ilianzia kambi iliyo karibu na shahidi. Ofisa alimhoji, akijaza fomu ndefu: saa, mahali aliposimama, upande aliotazama, kimo juu ya upeo wa macho, muda, rangi, mwendo, sauti, hali ya hewa. Kisha kila kitu kinachojulikana kuwa kilikuwa angani saa ile kiliwekwa juu ya maelezo yake: ratiba za ndege za abiria na za jeshi, maputo ya hali ya hewa na upepo uliyoyapeleka, sayari na nyota, vimondo, rekodi za rada. Kimoja kikioana kwa saa, upande na mwendo, faili linafungwa. Kisipooana kitu, linaenda Ohio, ambako mshauri wa mambo ya nyota alikuwa J. Allen Hynek.

Maputo yanastahili neno la ziada, kwa sababu ulimwenguni kote vituo vya kupima anga la juu huyarusha kwa saa moja: usiku wa manane na adhuhuri kwa saa za kimataifa, yaani saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu. Puto hupanda kama mita 300 kwa dakika, hutanuka kadiri hewa inavyopungua, na hupasuka likifika kilometa 30 au zaidi. Likiwa juu huko, jua la jioni bado linalimulika wakati chini ni giza, nalo huonekana kama nukta nyeupe isiyotikisika. Aliyeliona hajadanganya hata kidogo.

Kati ya ripoti 12,618 zilizokusanywa hadi Blue Book inafungwa, 701 zilibaki bila jibu, karibu 6 katika kila 100. Wanafunzi wako wataidaka namba hiyo ya 701, kwa hiyo waeleze vizuri: "haijatambulika" ni hali ya faili, si jina la kitu. Faili lenye saa ya kukadiria na lisilo na upande halijibiki hata kama kilichoonekana kilikuwa ndege ya kawaida.

Kuna makosa mawili ambayo tunaona ni haki kuyasema. Machi 1966 watu wengi wa Michigan waliona taa, na Hynek, akiwa na siku chache tu za kuchunguza, akataja gesi ya kinamasi kuwa chanzo kinachowezekana. Watu waliona wamedharauliwa, mbunge wao Gerald Ford akataka Bunge lisikilize suala hilo, na imani kwa wachunguzi ikavunjika. Jibu la haraka lisilo na ushahidi huumiza uchunguzi kuliko kutokuwa na jibu. Kosa la pili ni la usiri. Ndege za upelelezi za U-2 zilianza kuruka mwaka 1955 juu ya futi 60,000, wakati ndege nyingi za abiria zilikuwa kati ya futi 10,000 na 20,000. Marubani waliziona ziking'aa kwa jua la jioni mahali ambapo kwa ufahamu wao hakuna ndege inayoweza kufika. Wachunguzi wa Blue Book waliweza kuuliza CIA na kujibiwa, lakini hawakuruhusiwa kumweleza shahidi. Hapo serikali ilificha, na ilichoficha kilikuwa ndege yake.

Nchi nyingine zilichukua njia zao. Uingereza ilifunga dawati lake la wizara ya ulinzi mwishoni mwa 2009, ikisema kwa zaidi ya miaka 50 hakuna ripoti iliyoonyesha tishio. Ufaransa tangu 1977 iliikabidhi kazi hiyo taasisi yake ya anga za juu, huku askari wa jandameri, yaani polisi wa kijeshi wa nchi hiyo, wakichukua maelezo ya mashahidi, na mafaili yanapewa daraja kutoka A, kilichotambulika kabisa, hadi D, kilichoshindikana. C ni faili ambalo taarifa zake hazitoshi. Kutenga C na D ni jambo zuri ambalo tungependa kila mchunguzi aliige.

Shikamooni. Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Ujiji. Mara tatu nimeona taa ya njano inaning'inia kidogo juu ya ziwa, haigusi maji wala haipandi. Nikisimulia nyumbani wananicheka. Nikiiona tena niandike nini ili mtu aniamini? – Ujiji

Marahaba, binti yetu. Kwamba umeona taa, sisi tunakuamini. Kazi iliyobaki ni kuifanya taa hiyo ipimike.

Andika ndani ya dakika kumi, kabla hujamsimulia mtu. Wachunguzi huwahoji mashahidi kila mmoja peke yake kwa sababu watu wakishazungumza, kumbukumbu zao huanza kufanana, na kilichokuwa ushahidi wa watu watano hugeuka ushahidi wa mmoja.

Saa ndiyo inayoharibu mafaili mengi, na kwenu Kigoma ina mitego miwili. Kongo ya mashariki na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikiwa ufukweni inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kujibadilisha saa yenyewe bila wewe kujua. Angalia jina la mtandao juu ya kioo. Mtego wa pili ni lugha: ukiandika "saa 2" tu, mgeni atasoma saa nane za usiku. Andika saa 2:10 usiku, na pembeni 20:10. Wanajeshi na marubani wataondoa saa tatu wapate 17:10 ya kimataifa.

Upande usiukadirie gizani. Weka alama pale ulipokanyaga, kumbuka taa ilikuwa juu ya mti gani au pembe ya paa gani, kisha rudi mchana na dira ya simu usome nyuzi. Sogea mbali na bati, nondo na pikipiki unapopima, chuma hupotosha dira.

Kimo kipime kwa ngumi. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10. Kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Kwa ukubwa, shika punje ya mbaazi mkono ukiwa umenyooka. Punje hiyo inafunika Mwezi mzima, ambao ni nusu nyuzi. Sema "taa ilikuwa nusu ya mbaazi", usiseme "ilikuwa kubwa kama sinia". Sinia la umbali gani? Kitu chenye upana wa nyuzi 1 kikiwa mita 100 kutoka kwako kina upana wa mita 1.75, kikiwa kilometa 1 ni mita 17, kikiwa kilometa 10 ni mita 175. Jicho haliwezi kuchagua kati ya hivyo vitatu usiku, kwa hiyo andika pembe tu na umbali uwaachie wengine.

Kuhusu mwendo: taa moja peke yake gizani huonekana inacheza hata ikiwa imetulia, kwa sababu jicho halina cha kujishikiza. Simama, egemeza kichwa ukutani, ipange taa na ncha ya mlingoti au pembe ya nyumba, hesabu hadi 60. Ikibaki pale pale, haikusogea.

Sasa dhana yetu, nawe uipime. Usiku maji ya Tanganyika huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na hewa inayoshuka kutoka milimani ni baridi zaidi. Tabaka jembamba la hewa juu ya maji huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, na mwanga wa karabai au taa ya sola ya mvuvi ukipita humo hupinda. Anayetazama kutoka mbali huona taa, na chini yake taswira ya anga badala ya maji. Taa inaonekana imekatika na ziwa, inaelea. Mara nyingine inakuwa mbili, moja juu ya nyingine, halafu zinaungana.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi hubaki pwani. Andika kila usiku, kwa miezi miwili, kama taa ipo au haipo na Mwezi uko vipi. Ikiwa inakuja na giza na kutoweka na mwezi mpevu, ni mtumbwi. Ikiwa inatokea saa ile ile upande ule ule jioni nyingi mfululizo, ikishuka taratibu na kuzama magharibi, ni sayari, na kwa mng'aro huo ya kwanza kuikagua ni Zuhura. Ikiwa haifuati hata kimoja, daftari lako litakuwa na thamani kuliko simulizi yoyote, na hakuna atakayelicheka.

Kuna video ya ndege ya kivita ya Marekani inaonyesha kitu cheupe kinakwenda kasi ajabu juu ya bahari. Jeshi lenyewe limekiri ni ya kweli. Sasa mnasemaje? – Kijana wa Urambo

Unazungumzia video iitwayo GoFast, ya mwaka 2015, ambayo wizara ya ulinzi ya Marekani iliitoa rasmi Aprili 2020 pamoja na nyingine mbili. Ni ya kweli, yaani ilipigwa na ndege ya jeshi la wanamaji. Kasi ndiyo inayohitaji hesabu, na namba zote ziko kwenye kioo chenyewe.

Ndege iko futi 25,000. Kamera inatazama chini kwa nyuzi 26, na umbali hadi kwenye kitu ni maili za baharini 4.4, kama kilometa 8. Zidisha umbali kwa sine (ile ya hesabu za pembetatu) ya nyuzi 26, ambayo ni 0.44: kitu kiko kilometa 3.6 chini ya ndege, sawa na futi 11,700. Kwa hiyo hakiko juu ya mawimbi kama jicho linavyodhani. Kiko futi 13,000 hivi, karibu katikati ya ndege na bahari. Rudia hesabu baadaye kwenye video, umbali ukiwa 3.4 na pembe nyuzi 35: unapata futi 13,000 zile zile. Hesabu mbili za nyakati tofauti zikikubaliana, unaweza kuziamini.

Panda treni ya Tabora kwenda Kigoma, kaa dirishani. Mti wa karibu unarudi nyuma mbio kwenye mandhari ya kilima cha mbali, na mti haujaenda popote. Kasi ni ya treni. Ndege ile ilikuwa inakwenda karibu kilometa 680 kwa saa, na bahari iliyo mbali nyuma ya kitu ndiyo iliyotoa mandhari. Jopo la NASA lililotoa ripoti Septemba 2023 lilipiga hesabu hiyo kwa sekunde 22 za video na kupata wastani wa kilometa 64 kwa saa, mwendo ambao upepo wa kimo hicho unaweza kukipa kitu kinachoelea.

Hilo halimalizi kila kesi. Ripoti ya Juni 2021 ya ofisi ya mkuu wa ujasusi wa Marekani ilikuwa na matukio 144, na lililotambulika kwa uhakika lilikuwa moja: puto kubwa lililokuwa likipungua hewa. Mengine yalikosa takwimu za kutosha. Ofisi ya kijeshi iliyoundwa Julai 2022 kwa kazi hii, AARO, ilipitia kumbukumbu tangu 1945 na Machi 2024 ikaandika kuwa haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje.

Nilipiga video ya taa kwa simu, nikavuta karibu, ikawa pembetatu inayometameta. Nimewatumia WhatsApp. – Uvinza

Ndugu msomaji, tumeitazama. Simu ikishindwa kupata fokasi gizani, nukta ya mwanga hutanuka na kuchukua umbo la uwazi wa lenzi au la uchafu uliopo kwenye kioo. Futa lenzi, gusa kioo cha simu juu ya taa ili ifokasi, usivute karibu, na acha paa au mti uonekane kwenye picha ili pembe zipimike. Na faili la awali usilifute. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa za saa na mahali. Ukilazimika kuitumia, tuma kama waraka, si kama video.

Mimi ni mrina asali. Nimesikia kuhusu pete ya chuma iliyoanguka Kenya. Kitu kama hicho kikidondoka porini kwetu nifanye nini, na je, naweza kukiuza kama chuma chakavu? – Sikonge, Tabora

Usikiuze, kaka, na usikiguse. Pete ile ilianguka tarehe 30 Desemba 2024 katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni: kipenyo mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua na kusema ni sehemu ya roketi. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1968 vipande vya namna hiyo hurudishwa kwa nchi iliyorusha ikivitaka, na kwa ule wa 1972 nchi hiyo hulipa madhara yaliyotokea ardhini.

Hatari si uzito tu. Tangi la roketi au setilaiti linaweza kubaki na haidrazini, mafuta yenye sumu kali na harufu inayokaribia amonia. Ukiisikia harufu hiyo, tayari umesogea mno. Matangi mengine yamezungushiwa nyuzi za kaboni ambazo zikivunjika huchoma ngozi kama vumbi la upupu. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954 iliangusha vipande vyenye mionzi kaskazini mwa Kanada Januari 1978, na Wasovieti wakalipa dola milioni 3 za Kanada mwaka 1981. Tena kitu cha chuma porini kinaweza kuwa kombora ambalo halijalipuka, nalo huwezi kulitofautisha kwa macho.

Kwa hiyo simama angalau mita 100, upande unakotoka upepo. Piga picha kutoka hapo hapo, hifadhi mahali kwenye ramani ya simu, na kama mtandao hakuna funga vitambaa kwenye miti ukirudi, kama unavyoweka alama za mizinga. Zuia watoto na mifugo. Mweleze mtendaji wa kijiji na polisi, au piga 112. Waambie pia uliona mwanga saa ngapi, ukitokea upande gani, na sekunde ngapi zilipita kati ya mwanga na mshindo. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kilometa moja, na kwa namba hiyo wachunguzi wataanza kutafuta vipande vingine mlivyokuwa hamjaviona.